Daktari Amepungukiwa na Mtajo Mmoja

Nairobi, 9 Februari 2025

Mpendwa Mjomba Erastus,

Nakusalimu wewe na Anti Eucabeth, na kuku wake wote waliobaki baada ya Krismasi. Mimi ni mzima. Nairobi kuna joto na vumbi, na maji yanakuja siku yanapojisikia. Mama alinipigia juzi kutoka Bumala, anasema mihogo imekauka vizuri na mguu umeacha kumsumbua. Nadhani mguu bado unamsumbua, ila ameona nitamwambia aende hospitali.

Umekataza nikupigie simu kwa mambo ya maana, eti ofisi ya ajenti wa forodha ina masikio mengi kuliko viti. Basi nimeandika, na barua nampa Kiprono, yule dereva wako wa trela, anayeondoka kesho kuja Malaba.

Krismasi uliniuliza mbele ya watu wote, nikiwa na paja la kuku mkononi, uprofesa wangu umefika wapi. Nikasema unakuja. Ukasema hata kontena la mwaka juzi linakuja. Watu walicheka na mimi nikacheka, lakini swali lile nilisafiri nalo hadi huku. Ngoja nikujibu vizuri.

Chuoni kwetu daktari mtafiti hapimwi kwa wagonjwa aliowatibu. Wanahesabu makala alizochapisha kwenye majarida ya kitabibu, kisha wanahesabu kila makala imetajwa mara ngapi na watafiti wengine ndani ya makala zao. Halafu kuna kipimo kinaitwa H. Ukiwa na makala kumi, na kila moja kati ya hizo kumi imetajwa angalau mara kumi, H yako ni kumi. Idara yetu inataka kumi. Mimi nina makala tisa zilizotajwa vizuri, moja hata mara hamsini. Ya kumi imetajwa mara tisa.

Mara tisa, Mjomba. Mtu mmoja tu akiitaja kabla ya kamati kukaa mwezi wa kumi, mimi ni profesa mshiriki na ninaendesha utafiti wangu mwenyewe. Asipoitaja, nangoja miaka mitatu zaidi chini ya mkuu wa kitengo ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kufungua kompyuta. Na makala yenyewe ni ile ya kwenu, ya watu kugawana dawa Malaba na Chakol, wakati ule ulinitembeza nyumba kwa nyumba.

Tafadhali usimwambie Mama. Atafunga na kuomba, halafu atatangaza kwamba amefunga.

Mtoto wa dada yako,
Brendah Nasambu


Malaba, 2 Machi 2025

Daktari, mtoto wa dada, mulembe.

Barua yako imefika ikinuka dizeli. Kiprono alikaa kwenye foleni tangu karibu na Amagoro, akaisoma bahasha mpaka akaijua kwa moyo. Sisi ni wazima. Anti yako anakusalimu. Mwewe amechukua vifaranga, na yeye amemshika jirani, kwa sababu mwewe hashikiki. Mvua imetupita ikaenda kunyesha Uganda, kama mizigo mingine yote.

Sasa tufungue kontena. Barua yako niliisoma mara mbili na nikaielewa mara ya pili. Umekwama kwa sababu umepungukiwa na kutajwa mara moja. Mimi nimekuwa ajenti hapa tangu wewe unanyonya, na sijawahi kuona mzigo wa mtu wangu ukikwama kwa kitu kidogo namna hiyo nikakaa kimya.

Jumapili nilimwona katekista kabla ya misa. Padre alikutaja kwenye matangazo, daktari wetu Brendah Nasambu na utafiti wake wa dawa. Akakutaja tena mwishoni, baada ya mimi kuinua mkono kumkumbusha. Jumatano nilipanda boda boda mpaka Chakol kwenye baraza. Chifu msaidizi akakutaja kati ya chanjo ya ng'ombe na vitambulisho, na watu wakapiga makofi, ingawa nadhani yalikuwa ya ng'ombe. Pia madereva wangu wote wanakutaja. Ukijumlisha na zile tisa, umepita kumi. Waambie kamati waandike.

Mama yako sikumwambia mimi. Aliambiwa na kanisa. Anafunga tangu Jumatatu.

Wako,
Mjomba Erastus Ojiambo


Nairobi, 23 Machi 2025

Mpendwa Mjomba,

Salamu za Kwaresima, na pole kwa vifaranga. Mwambie Anti amwache jirani apumue. Mimi nina mafua tu. Mama amenipigia akiwa na sauti ya mtu aliyekonda, akaniuliza kama tayari nimekuwa profesa.

Nilicheka barua yako peke yangu kwenye lifti, mtu akahamia upande wa pili. Lakini Mjomba, padre hahesabiki, wala chifu. Mtajo unaohesabika ni ule ulio ndani ya makala nyingine, kwenye jarida, umeandikwa na mtafiti aliyetumia kazi yangu. Mtandao ndio unaoikusanya mitajo hiyo na kuihesabu. Wala siwezi kujitaja mwenyewe, kamati huiondoa mitajo kama hiyo kama unavyopepeta mchele.

Na kabla hujaamka kesho na wazo jipya, nakuambia mapema: hapana. Najua mlango wa pembeni upo. Kuna wenzangu wanaotajana kwa zamu, leo wewe kesho mimi, kama akina mama wa chama cha kuchangiana. Mmoja ameandika juu ya figo na ametajwa na watu watano wanaoandika juu ya macho. Kila mtu anajua, na kila mtu humwita profesa huku akiangalia pembeni. Sitaki kuitwa hivyo.

Ile makala ni kazi niliyoipenda. Tulikuta mtu anapewa dozi yake hospitalini, akifika nyumbani anaigawa: mke kidogo, mtoto kidogo, mgeni kidogo, na mwishowe hakuna anayepona. Nikaandika sababu yake ni ufukara, dawa ni chache na wagonjwa ni wengi. Nikapendekeza dawa zitolewe bure kwa nyumba nzima. Ikiwa mtu ataitaja, na aitaje kwa sababu ameisoma.

Niahidi, Mjomba.

Brendah


Malaba, 27 Aprili 2025

Daktari,

Salamu za baada ya Pasaka. Usishangae kuchelewa. Nilikuwa tayari kuandika zamani lakini trela la Kiprono lilizuiwa kwa sababu stempu moja iligongwa kichwa chini, na mimi sikutaka kumpa dereva nisiyemjua barua ya daktari. Mahindi yametoka vizuri. Anti yako na jirani wameelewana. Sasa wote wawili wanamshuku jirani wa tatu.

Nimesoma makala yako. Ndiyo, mimi. Nilimwomba Mitchelle, karani wangu, aichapishe, nikaisoma na kamusi kwa wiki nzima. Kiingereza chake kinatembea na fimbo, lakini nimefika mwisho. Mahali pamoja umeandika juu ya mhojiwa, mwanaume wa makamo, mfanyabiashara wa Malaba, kwamba hana dawa anayomeza kila siku, na dozi yoyote ikiingia nyumbani kwake hugawanywa kwa sababu hana uwezo wa kununua nyingine. Huyo mwanaume, siku hiyo hiyo, alikurudisha kwa mama yako Bumala kwa Probox yake mwenyewe, tangi limejaa, na akakununulia samaki njiani. Nauliza tu, hukushangaa?

Mengine ni ya kawaida. Shemeji Paulinus alipita hapa. Unamkumbuka, binamu ya Anti yako, yule anayefundisha chuo cha afya ng'ambo ya mpaka, upande wa Tororo, mrefu, anakula polepole. Alikuwa anafuata makaratasi ya gari lake lililotoka Mombasa. Tuliyamaliza siku hiyo hiyo. Kisha tukanywa chai na kuongea mvua.

Kuhusu ahadi, barua yako imechafuka na dizeli mahali hapo.

Mjomba wako


Nairobi, 8 Juni 2025

Mjomba,

Wasalimie wote. Mimi ni mzima, Mama ni mzima, na mafua yaliisha.

Nakujua na ninaijua mvua ya Malaba. Haiwezi kuongelewa mchana kutwa na mwalimu wa chuo cha afya. Nimempigia Anti, akasema shemeji Paulinus amelala kwenu mara mbili tangu Pasaka na amekula jogoo. Mtu hachinjiwi jogoo kwa makaratasi ya gari.

Kama umemwomba anitaje kama asante ya gari, mwambie aache. Nasema hivi kwa heshima yote, na heshima yenyewe inaanza kuisha.

Na ile ya samaki na Probox sikuielewa. Unataka kuniambia nini?

Brendah


Malaba, 29 Juni 2025

Daktari,

Salamu. Sisi wazima. Mahindi yamefika kiunoni. Pale Busia wabadilishaji pesa wamegombana na polisi wa trafiki, na mwishowe wakalipiana chai. Mama yako ameongeza kilo kwa sababu amefuturu mapema.

Jogoo alikuwa mzee.

Mjomba


Nairobi, 17 Agosti 2025

Kwa Mjomba Erastus,

Leo salamu ni fupi. Nawasalimu.

Jumanne nilifungua ule mtandao unaohesabu. Ilikuwa kumi. Nilisimama kwenye korido nikacheza mbele ya mfagiaji, naye akaacha fagio akacheza bila kuuliza. Kisha nikarudi ndani kuangalia ni nani aliyenitaja. Jarida moja la Uganda. Mwandishi ni Paulinus Ikapel.

Nilikaa kukuandikia matusi. Nilikuwa nimeshapata matatu mazuri. Halafu nikasema ngoja kwanza nisome, nijue nimetajwa kwenye makala ya bwawa la samaki au ya choo cha shule. Nikasoma mpaka mwisho.

Mjomba, ananitaja ili aseme kwamba nimekosea.

Anaandika, na sasa nakutafsiria: Nasambu alihitimisha kuwa sababu ni ufukara, lakini wahojiwa wetu wanaeleza jambo tofauti. Anamleta ajenti mmoja wa forodha wa Malaba, mtu mwenye uwezo, ambaye alihojiwa hata kwenye utafiti wangu. Huyo ajenti ana presha na amekuwa akimeza dawa kwa miaka. Ila ajenti anayejulikana kuwa mgonjwa hapewi mzigo, maana mwenye mali anaogopa kwamba jamaa atalala kitandani huku kontena lake likilipiwa maegesho. Kwa hiyo kila siku saa nne asubuhi, chai ikija, aliwagawia watu wote wa ofisini kidonge kimoja kimoja, akisema ni vitamini kutoka Ujerumani. Wote wakimeza, hakuna mgonjwa. Kisha shemeji anaandika sentensi ambayo ningetamani ningeiandika mimi: kwamba mpakani watu hawagawani dawa kwa sababu ni chache, wanagawana ugonjwa ili usiwe wa mtu.

Nimezunguka na sentensi hiyo siku tano. Ni kweli, na inaangusha kila kitu nilichopendekeza. Ukitoa dawa bure kwa nyumba nzima, ndiyo kwanza unawasaidia kujificha.

Sasa sikiliza. Kwanza nakuamuru kama daktari: hizo vitamini ziishe leo. Mitchelle alizirai mwaka jana pale kwenye mizani ya malori ukaniambia ni jua. Wapeleke wote kliniki wapimwe.

Pili, naandika kama mtoto wako. Niliumia. Nilikuuliza maswali hayo hayo sebuleni kwako. Ukaniangalia machoni ukasema hamna pesa, nami nikaandika, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kusoma saa na kufunga kamba za viatu, na sikujua kwamba unaweza kunidanganya. Mtu wa ng'ambo amekula jogoo na kupewa ukweli. Mimi nilipewa soda.

Na sijui nifanye nini na hii kumi.

Brendah


Malaba, 7 Septemba 2025

Daktari wetu,

Nakusalimu, na Anti yako anakusalimu, ingawa amenuna kwa sababu hajui nimekukosea nini na mimi sijamwambia. Mahindi tumeanza kuvunja. Watu wa ofisi nimewapeleka kliniki wote kwa Probox, nikasema ni zawadi ya kampuni. Wamepimwa, ni wazima. Mitchelle ameambiwa presha yake iko chini kidogo, na daktari akamuuliza kama kuna dawa anayotumia. Akajibu, "Hapana daktari, ni vitamini tu za boss." Nilitoka nje kuangalia gari.

Kuhusu huyo ajenti, mimi simjui. Malaba ajenti ni wengi kuliko mbuzi. Lakini kwa kuwa umeuliza, nimezunguka nikamtafuta, nikamuuliza kwa niaba yako. Haya ni maneno yake, mimi nayabeba tu.

Anasema alimwomba Paulinus akutaje, na Paulinus akakataa. Akasema, "Shemeji, hiyo kitu siwezi. Mimi sitaji kitu sijasoma. Na nikisoma, siwezi taja kama sina kitu ya kuongeza." Huyo ajenti akampa makala, naye akaisoma palepale kwenye kochi, polepole kama anavyokula. Akamaliza akasema, "Ni kazi safi. Sina ya kuongeza." Akaanza kuvaa viatu.

Ajenti akaona mtajo unaondoka na viatu. Akasema, "Ngoja kwanza. Na kama mtu akikupatia hiyo kitu ya kuongeza?" Paulinus akatoa kalamu. Basi ajenti akampa alichokuwa nacho. Hakuwa na kingine. Paulinus akazunguka na maswali yake kwa watu wengine, Malaba na ng'ambo, akakuta ndivyo ilivyo.

Unasema alikudanganya wewe akamwambia mtu wa mbali. Huyo ajenti anakukumbusha karatasi yako ya maswali. Lile la kumi na moja, alilokusikia ukiwauliza wengine nyumba kwa nyumba, na sasa umekaa karibu na mke wake, kalamu tayari: je, tangu uanze dawa, nguvu zako za chumbani zimepungua, zimebaki vilevile, au zimeongezeka? Mtoto wa dada yake amuulize hivyo! Mtoto aliyembeba mabegani kwenda kuona treni. Sasa wewe ulitaka achague lipi kati ya hayo matatu? Mtu akikubali tu kwamba anameza dawa, lazima afike swali la kumi na moja. Akaona afadhali asiwe na dawa, asiwe na pesa, na aagize soda.

Anasema pia pole. Anasema uliondoka ukiwa umefurahi na kazi yako, naye akadhani uongo wake ni mdogo, hauwezi kufika mpaka kwenye vitabu.

Sasa unayo kumi. Mashine haijui nani ni mjomba wa nani. Nyamaza, uwe profesa. Nakuomba.

Mjomba Erastus, kwa niaba ya huyo ajenti


Nairobi, 26 Oktoba 2025

Mpendwa Mjomba,

Nawasalimu wote kwa jina moja moja. Mimi ni mzima, ninalala, ninakula. Naanza hivyo kwa sababu habari yenyewe si nzuri na sitaki Anti adhani nimekonda.

Kamati ilikaa Alhamisi. Walikuwa saba, na maji ya chupa. Mwenyekiti akafungua faili langu, akasoma idadi ya makala, idadi ya mitajo, H kumi, akasema, "Daktari Nasambu, naona kila kitu kiko sawa." Alikuwa tayari ameshika kalamu ya sahihi. Ilinipasa kusema asante na kutoka.

Nikasema nina jambo. Nikawaambia mtajo wa kumi uliombwa na mjomba wangu kwa shemeji yake, mimi nikiwa nimemkataza. Nikawaambia pia kwamba mtajo huo unasema nimekosea, na aliyeuandika yuko sahihi.

Mjomba, walibishana kwa zaidi ya saa nzima. Mmoja akasema mtajo ni mtajo, hata wa kukukosoa, kanuni haichagui. Mwingine akasema mtajo wa shemeji ni kama wa nduguye mtu, utolewe. Wa tatu akauliza mjomba alilipwa nini. Nikasema hakulipwa, alilipa. Wakaendelea kubishana. Mama mmoja mzee wa kitengo cha watoto ndiye pekee aliyeuliza makala ya Paulinus inasema nini hasa. Mwenyekiti akamjibu, "Hapa tunahesabu, hatusomi." Aliposikia maneno yake mwenyewe alikunywa maji.

Wameuondoa. Nimebaki tisa. Niombe tena baada ya miaka mitatu.

Nilienda kulia kwenye choo cha ghorofa ya pili kama msichana wa shule. Sitakuficha. Niliutaka ule uprofesa, na bado nautaka. Yule mama mzee alinifuata humo humo akaninong'oneza kwamba katika mitajo yote mia tatu na kitu ya faili langu, ule ulioondolewa ndio pekee uliomwonyesha kwamba kuna mtu aliyewahi kunisoma mpaka mwisho.

Nimeandikia jarida lililochapisha makala yangu, nikaeleza kwamba hitimisho lilikosea. Nimemwandikia Paulinus pia. Tutaanza utafiti mpya pamoja mwezi wa kumi na mbili, Malaba, Chakol na ng'ambo. Mkuu wangu wa kitengo atatia sahihi, Mungu amsaidie aone mahali pa kutia.

Sina hasira na wewe tena. Ulitoa kitu ulichokificha hata kwa mkeo, ukakiweka mikononi mwa mtu, ili mimi nipate namba moja. Hakuna aliyewahi kunipenda namna hiyo, na ni upumbavu mtupu, na ninalia tena nikiandika.

Lakini sasa nakuja na maswali yaleyale. Nataka wewe uwe wa kwanza, na nataka ukweli. Utanijibu?

Brendah


Malaba, 9 Novemba 2025

Brendah, mtoto wa dada yangu,

Mulembe. Barua yako nilimsomea mama yako, nikiruka mahali pa choo. Akasema kumbe alifunga bure, kisha akasema hapana, si bure. Mguu bado unamuuma na amekubali utamwona ukija.

Nimemwambia Anti yako juu ya dawa. Nilijiandaa siku tatu. Akasema anajua tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu mimi si mtu wa kununua vitamini. Akarudi kupepeta maharagwe. Nilikaa pale kama mtu aliyebeba gunia mpaka stesheni akaambiwa treni haipo.

Ofisini sasa saa nne ni chai na mandazi tu. Kidonge changu nameza mwenyewe, mbele ya wateja. Mmoja ameondoa mzigo wake akaupeleka kwa ajenti wa pili. Mwingine alifunga mlango, akatoa pakiti yake mfukoni, akaniomba maji.

Nimesikitika kwa uprofesa wako. Nimesikitika kweli. Nilijua ungesema, na niliomba usiseme, na uliposema nilitembea Malaba nzima nikiwa mrefu. Watu hapa wanakuita profesa na mimi siwarekebishi.

Umeuliza kama nitakujibu. Nimefikiri sana. Njoo, nitajibu yote, hata la kumi na moja. Lakini aniulize Paulinus. Tutakaa sebuleni, mimi na yeye. Wewe utakaa jikoni na Anti yako, umwangalizie maharagwe, na kalamu yako. Kuna maneno mjomba hawezi kumwambia mtoto wa dada yake akiwa ameketi mbele yake, hata awe nani.

Mlango wa jikoni nitauacha wazi, na nitaongea kwa sauti.

Mjomba wako,
Erastus Ojiambo